Wachumaji Wetu na Ukimwi: Jambo Lililoulizwa Mkutanoni



Katika mkutano mkuu uliopita, baada ya kumalizika khabari ya majamvi na ya ujira wa pishi, mzee mmoja katika wanachama wetu alisimama akatoa shauri ambalo wengi walilipigia makofi. Alitaka kila mchumaji atakayekuja msimu huu apimwe damu kwanza, na atakayeonekana ana virusi vya Ukimwi arudishwe kwao kabla hajapanda mkarafuu hata mmoja. Mzee wetu hakusema kwa ubaya. Ana mabinti na wajukuu, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye dago kubwa. Mwenyekiti aliliahirisha jambo hilo, akatutaka sisi wa ofisini tulichunguze na kuliandika hapa kabla ya kupigiwa kura. Tumewauliza madaktari na wauguzi, tumesoma kadiri tulivyoweza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twasema mapema kwamba hatukubaliani na shauri lile, ingawa khofu iliyolizaa twaijua na tunayo sisi pia.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Wagonjwa watatu wa mwanzo wa Ukimwi katika Zanzibar walijulikana mwaka 1986, miaka mitatu baada ya wale wa mwanzo wa Tanzania Bara, walioonekana Kagera mwaka 1983. Tangu siku hizo visiwa vyetu vimejaaliwa kubaki chini: katika kila watu wazima 100 hafiki mmoja mwenye virusi, na hali uchunguzi wa Tanzania uliofanywa mwaka 2022 na 2023 uliona zaidi ya wanne katika kila 100 wenye miaka 15 na kuzidi. Kwa hesabu hiyo wako wasemao kuwa maradhi haya ni ya bara, sisi hayatuhusu. Lakini hesabu ya jumla huficha mengi, kama gunia linavyoweza kuwa na karafuu njema juu na mpeta chini. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 kwa watu wanaojidunga madawa ya kulevya kwa sindano uliwakuta kiasi cha 16 katika kila 100 wana virusi. Uliporudiwa mwaka 2012 walikuwa kiasi cha 11. Watu hao hawaishi peke yao kisiwani. Wana wake, wana wapenzi, na wengine huja kuchuma karafuu kama mtu mwengine yeyote.

Kisha ndio huja msimu. Kila mwanachama analijua dago lilivyo, lakini si kila mmoja amepata kulitazama kwa jicho hili. Vijana wa kiume hukusanyika kutoka vijiji vya mbali na kutoka kisiwa cha pili, wengine hukaa miezi miwili au mitatu bila ya kurudi kwa wake zao. Jioni pishi hupimwa, fedha taslimu hutoka, na mtu ambaye mwaka mzima hakushika noti mbili pamoja hulala na bunda mfukoni. Wauza chai huja, wauza nguo huja, na wauzao vitu vingine huja pia. Wasichana wa kuchambua hukaa usiku mpaka makonyo yaishe. Hatusemi haya kwa kuwatukana wachumaji wetu. Bila ya wao karafuu zingekauka juu ya miti na sisi tusingekuwa na chama.

Virusi hivi havina njia nyingi. Hupita kwa kujamiiana, kwa damu khasa ya sindano waliyotumia wawili, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha. Basi. Haviambukizi kwa pishi, wala kwa jamvi, wala kwa sahani moja ya ubwabwa, wala kwa jasho lililobaki kwenye tawi. Wako wanachama wawili watatu waliotujia ofisini kwa siri kutuuliza kama karafuu zilizochumwa na mgonjwa zaweza kukataliwa sokoni. Haziwezi kudhuru mtu, na twaomba swali hilo lisirudi tena.

Sasa turudi kwenye kipimo cha mlangoni. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, hakitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana nacho, na askari hao huchukua wiki kadhaa kutokea. Mtu aliyeambukizwa juzijuzi huweza kupimwa akaambiwa hana kitu, ndiyo maana wauguzi humtaka mwenye shaka arudi baada ya miezi mitatu. Na katika wiki hizo za mwanzo ndipo virusi huwa vingi mno ndani ya damu na mtu huambukiza wenzake kwa wepesi. Kwa hivyo mlinzi wetu wa mlangoni angemruhusu yule wa hatari, na sisi tungelala tukidhani tumesalimika. Tena, hata aliyepimwa akawa salama kweli siku anayofika, kipimo hakisemi lolote juu ya atakayoyafanya mwezi unaofuata.

Na je, ni nani tutakayemrudisha? Hapa twaomba msomaji atusikilize vizuri, maana sisi wenyewe tulikuwa hatulijui jambo hili kama lilivyo.

Dawa za kufubaza virusi, ambazo wengi tunaziita ARV, hazikiondoi kirusi mwilini, lakini hukizuia kuzaa. Mtu akizimeza kila siku bila ya kukatisha, baada ya miezi kadhaa virusi hupungua katika damu yake hata mashine ya hospitali isiweze kuvihesabu. Zamani ilidhaniwa kwamba faida ni ya mgonjwa peke yake. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 9 kwa jozi 1,763, kila jozi mmoja ana virusi na mwenzake hana. Wale walioanzishiwa dawa mapema waliwaambukiza wenzao pungufu kwa 96 katika 100, kuliko wale waliosubiri. Mwaka 2016 ukatoka uchunguzi mwengine wa Ulaya, wa jozi zisizotumia kondomu ambazo mwenye virusi alikuwa akimeza dawa na virusi vyake havihesabiki. Watafiti walifuatilia jozi 888 na hawakuona hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe. Kwa ajili ya mambo kama haya Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2015 kwamba kila anayeonekana na virusi aanzishiwe dawa papo hapo, asingoje kudhoofika.

Kwa hivyo mchumaji anayejijua, mwenye kadi ya kliniki, anayemeza kidonge chake kila usiku, ndiye asiye na hatari kwa binti wa mtu. Naye ndiye hasa ambaye kipimo cha mlangoni kitamkamata. Asiyejijua kabisa, aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita, tutampa kishoka cha kuvutia matawi na kumkaribisha shambani. Tukiipitisha sheria ile, tutawafukuza waliotibiwa na kuwakaribisha wasiotibiwa, kisha wenye akili watajifunza kuficha.

Kuficha huko si jambo la kubuni. Misimu michache iliyopita katika shamba la mmoja wetu, ambalo hatutalitaja, alikuwapo kijana mpandaji hodari sana, mtu wa kupanda miti mirefu ambayo wengine huikwepa. Alikuwa akitumia dawa kwao. Alipokuja dagoni aliziacha nyumbani, kwa sababu vidonge vile hutiwa katika kopo na kopo likitikisika hulia, na watu kumi na wawili walikuwa wakilala katika banda moja. Aliona aibu ya kopo. Alichuma msimu mzima bila ya dawa. Mwisho wa msimu alishushwa gatini akiwa amebebwa kwa kitanda cha kamba, na mkewe alikuwa mja mzito. Tulimwona sisi wenyewe. Baadaye tuliambiwa na muuguzi kwamba kukatisha dawa namna ile kwaweza kuvifundisha virusi kuishinda dawa, na mgonjwa akahitaji dawa nyengine zilizo ngumu zaidi. Kijana huyo yu hai, alhamdulillahi, lakini hapandi tena miti. Kama pangekuwa na mtu mmoja tu dagoni wa kumwekea kopo lake katika sanduku lenye kufuli, pengine yote hayo yasingetokea.

Shirika la Kazi Duniani, kwa pendekezo lake nambari 200 la mwaka 2010, limesema kwamba mtu asilazimishwe kupimwa Ukimwi ili apate kazi wala asinyimwe kazi kwa sababu ya virusi. Twalitaja kwa wale wapendao kujua. Lakini hata kama pasingekuwa na pendekezo lolote, hesabu tuliyoitoa juu ingetosha.

Basi ni mpango wa namna gani unaofaa? Tumetafuta mifano kwa watu wanaofanana nasi kwa dini na kwa maisha, na mfano uliotupendeza zaidi umetoka Uganda. Nchi ile ilipatwa mapema na vibaya. Serikali yake ilianza kulisema jambo hili waziwazi kutoka mwaka 1986, na mwaka 1987 wagonjwa na jamaa zao waliunda chama chao cha kusaidiana, TASO. Mwaka 1989 madaktari wa Kiislamu waliwaita masheikhe wakubwa wakakaa nao kulizungumza, na mwaka 1992 jumuiya yao, iitwayo IMAU, ikaanza kuwafundisha maimamu, ikitangulia na wilaya ya Mpigi. Kila imamu alirudi msikitini kwake na wasaidizi, wanaume kwa wanawake, nao wakazunguka nyumba kwa nyumba. Hawakuhubiri wakaondoka. Waliingia majumbani, wakakaa, wakajibu maswali ambayo mtu hawezi kuyauliza mbele ya safu ya swala, kisha wakarudi tena.

Mwanzoni viongozi wengi wa dini waliikataa habari ya kondomu. Jumuiya ile haikugombana nao. Ilianza na yale yote waliyokubaliana: uaminifu katika ndoa, vijana kujizuia, wembe na sindano visitumiwe na wawili, mgonjwa asitupwe. Mazungumzo yakaendelea, maimamu wakayaona wenyewe majumbani yale waliyokuwa wakiyasikia, na baadaye kondomu nayo ikaingia katika mafunzo, khasa kwa mume na mke ambao mmoja wao ana virusi. Mwaka 1998 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na Ukimwi liliuchapisha mpango huo kuwa ni mfano wa kuigwa. Sisi twafahamu kuwa katika wanachama wetu wamo wasiopenda neno hilo lichapwe katika jarida hili. Zinaa ni haramu na hatuna la kuongeza hapo. Tunachosema ni kwamba mke aliyekaa nyumbani kwake na kumngojea mumewe arudi kutoka dagoni hakuzini, na yeye ndiye mara nyingi anayeletewa maradhi.

Jambo jengine tulilolisikia sana: "Sisi tumetahiriwa, tohara inatosha." Ni kweli kwamba uchunguzi wa mara tatu, Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, uliotoka kati ya 2005 na 2007, ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha 60 katika 100. Arubaini iliyobaki je? Na hao 11 katika 100 wa mwaka 2012, wengi wao si wametahiriwa kama sisi?

Hapa Zanzibar tunao mfano wetu pia. Mwaka 2015 kulifunguliwa katika hospitali ya Kidongo Chekundu kliniki ya kuwapa methadoni watu walioshikwa na heroini. Wako waliosema kwamba serikali inawalisha walevi. Methadoni ni dawa ya kunywa, mgonjwa huja kila siku akainywa mbele ya muuguzi, na ile kiu ya unga hutulia asihitaji sindano. Asiyejidunga hachangii sindano na mwenziwe. Mpango huu hauwahusu watu wengi wa kisiwa, ila unakwenda pale penye moto.

Juu ya akina mama tutasema machache, maana kliniki za wajawazito zinalifanya vizuri. Mama mwenye virusi asiyepata dawa huweza kumwambukiza mtoto kwa kiasi cha 15 mpaka 45 katika kila 100. Akipata dawa mapema, wasizidi 5. Wake wa wachumaji wahudhurie kliniki, na mwenye shamba asimkate mwanamke ujira kwa siku aliyokwenda.

Sasa tuseme linalotuuma zaidi, na ambalo halikutajwa mkutanoni. Tulizungumza habari ya wachumaji kana kwamba hatari yote yatoka kwao. Mabibi watatu wanaochambua, kila mmoja kwa wakati wake, walituambia kuwa katika mashamba mengine msimamizi wa kupima humpunjia msichana pishi, leo na kesho, mpaka msichana atakapokubali kumfuata. Akikubali, pishi yake hujaa. Msimamizi huyo hakutoka mbali. Ni mtu wetu, tumemweka sisi, na wengine ni jamaa zetu. Mlinzi wa mlangoni hatamshika. Twashauri pishi zipimwe hadharani, mbele ya wachambuaji wenyewe, na awepo mama mtu mzima anayeheshimiwa kama shahidi. Na msichana aliyetendewa kwa nguvu apelekwe hospitali siku ile ile, maana ziko dawa za kumkinga zinazomezwa kwa siku 28, nazo hazifai tena zikianza baada ya saa 72. Wengi hawalijui hilo, na siku tatu hupita wazee wakishauriana namna ya kuificha fedheha.

Liko pia suala la fedha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za mipango hii katika nchi zetu ilibebwa na wageni, khasa mfuko wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003 uitwao PEPFAR. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje. Katika nchi nyingi za Afrika wafanyakazi wa kliniki na wale wa kutembelea majumbani waliachishwa kazi kwa siku chache, na hata sehemu zilizorudishiwa fedha hazikurudi kama zilivyokuwa. Tulipowauliza wauguzi ni kipi kinachokatwa kwanza fedha zikipungua, walitujibu bila ya kufikiri: nauli ya kumfuata mgonjwa alipo. Dawa yaweza kuwapo kabatini na mtu wa kuifikisha asiwepo.

Nauli ni kitu ambacho chama cha wakulima wa karafuu kinakiweza. Kwa hivyo, badala ya shauri la kupima mlangoni, ofisi italeta shauri jengine. Wachumaji waambiwe kwa barua, kabla ya kuondoka kwao, kwamba mwenye dawa ya kila siku ya maradhi yoyote, iwe sukari, presha au nyengineyo, aombe kliniki yake impe ya kutosha miezi mitatu au sita, kwani kwa mgonjwa aliyetulia kliniki hukubali, na aje na kadi yake. Tumeandika maradhi yoyote kwa makusudi, ili kopo lisimtaje mtu. Kila dago liwe na sanduku lenye kufuli na mtu mmoja mwaminifu. Muuguzi aletwe kwa gari ya chama mara mbili kwa mwezi, jioni baada ya kupima pishi, apewe chumba chenye mlango, na apime anayetaka kwa siri yake; majibu yasifike kwa mwenye shamba wala kwa ofisi hii. Anayeonekana na virusi asipoteze kazi. Tuzungumze na maimamu wa vijiji vyenye madago kama walivyofanya wenzetu wa Uganda. Na mchumaji atakaye, nusu ya ujira wake ipelekwe kwao kwa simu kila wiki, asilale na bunda.

Gharama tumeikadiria kuwa yaweza kulipwa kwa shilingi 500 kwa kila gunia la mwanachama. Wako watakaosema ni nyingi. Tumewasikia haohao wakilipa zaidi ya hizo kwa kamba iliyokatika.

Mzee aliyetoa shauri la kwanza tulimpelekea nakala ya makala hii kabla ya kuchapwa, kwa adabu. Aliisoma mara mbili, akauliza tena habari ya zile jozi 888, kisha akasema atalifikiri na hatatuahidi kitu. Kura itapigwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya swala ya adhuhuri, katika ghala ya chama. Kila mwanachama aje na hesabu ya wachumaji anaowatarajia na jina la mahali dago lake litakapokuwa, ili tujue gari itapita wapi.

Katibu